Tutarudia Mpaka Lije Jibu Sahihi

MEZA YA JUMATANO
Na Zaina Shemweta

Makala za kisayansi huwa hazianzi na mtu kukiri utundu. Iliyochapwa mwaka 1969 katika jarida la Physics Education la Uingereza ilianza hivyo. Mwandishi wake wa kwanza alitaja jina lake, kisha akasema kwamba ugunduzi anaotaka kuusimulia ulitokana na kuitumia friji isivyopaswa. Kichwa cha makala kilikuwa neno moja na alama ya kuuliza. Sehemu ya mwanzo aliiandika yeye, akisimulia yaliyompata darasani tangu kidato cha tatu; iliyobaki aliiandika Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia katika chuo kikuu kilichokuwa Dar es Salaam.

Kijana huyo ni Erasto Mpemba, na najua wengi wenu mmeshaanza kutikisa vichwa kwamba mnamjua. Ni yule Mtanzania aliyesema maji ya moto yanaweza kuganda kabla ya maji ya baridi, na dunia ikalipa jambo hilo jina lake. Tunamtaja kwenye mahafali, hasa mgeni rasmi akiishiwa la kusema. Lakini ni nadra kusikia mtu akizitaja kurasa alizoandika mwenyewe, na kwangu mimi hizo zina thamani kuliko hata ugunduzi. Ni ushuhuda wa mwanafunzi juu ya namna tunavyofundisha sayansi, na haukutupamba.

Ilikuwa 1963, Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wavulana walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanayaacha yapoe, ndipo wanayaingiza kwenye friji. (Wanaoijua baridi ya Magamba watashangaa mtu anatafuta aiskrimu ya nini kule, lakini tumbo la mwanafunzi wa bweni halijawahi kuuliza hali ya hewa.) Nafasi ya kugandishia ilikuwa ndogo na wagombea wengi. Mwenzake mmoja akaona asichemshe kabisa; akakoroga maziwa na sukari, akawahi nafasi. Mpemba alikuwa ameshachemsha yake. Akisubiri yapoe atakuta pamejaa. Akasema liwalo na liwe, akayaingiza yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado mazito tu kama uji.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Akajibiwa kwamba amechanganya mambo, kitu hicho hakiwezi kutokea. Akaamini. Baadaye akakutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga, naye akamwambia kwamba yeye huingiza mchanganyiko ukiwa wa moto ili uwahi kuganda. Akauliza wauzaji wengine wa mjini hapo, wakasema hayo hayo.

Sehemu hii huwa tunaipita haraka, nami nataka tukae hapo kidogo. Mjini Tanga kulikuwa na watu walioendesha biashara yao kwa kutegemea kitu ambacho huko juu milimani mwanafunzi aliambiwa hakipo. Muuza aiskrimu hakuwa na sababu ya kumdanganya mtu. Maziwa yakichelewa kuganda ni yeye anayekosa mauzo ya siku hiyo. Lakini ushahidi wake haukuwa na mlango wa kuingilia shuleni. Mwalimu hakumuuliza kijana umeona wapi, na nani, mara ngapi. Alimpima kwa kitabu, kitabu kikasema hapana.

Mpemba akafaulu, akaenda Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari. Huko wakafika kwenye kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, akaona ndipo penyewe pa kuuliza tena. Mwalimu wa Mkwawa naye akasema amechanganya. Kijana akang'ang'ania. Mwalimu akahitimisha kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likafurahi mno. Tangu siku hiyo akikosea hesabu anaambiwa hiyo hisabati ya Mpemba. Chochote kilichokwenda kombo kikawa cha Mpemba.

Simlaumu sana yule mwalimu kwa kukataa. Alifikiri vizuri. Maji yaliyo kwenye nyuzi 90, ili yafike sifuri, lazima yapite kwenye nyuzi 25, na hapo yatakuwa sawa na yale yaliyoanzia 25, tena yameshachelewa. Hoja hiyo ni safi na mtu yeyote mwenye akili angeishika. Ninachomlaumu ni kwamba hakuna aliyenyanyuka kwenda kwenye friji. Shule ilikuwa na friji, maji, vyombo, na mwanafunzi aliyekuwa tayari kuaibika. Vyote vilikuwepo, na bado jambo likamalizwa kwa mdomo.

Aliyenyanyuka ni Mpemba. Alasiri moja alikuta maabara ya biolojia iko wazi, mwalimu hayupo. Akachukua bika mbili ndogo, moja akaijaza maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye friji. Baada ya saa moja akakuta barafu nyingi zaidi kwenye ile ya moto. Nawaomba walimu wenzangu wa zamani wasome tena sentensi hizo. Jaribio la fizikia maarufu kuliko yote yaliyowahi kufanywa na mwanafunzi wa sekondari nchini lilifanyika kwa kujiiba, katika maabara ya somo jingine, kwa sababu tu mlango haukufungwa.

Ndipo akaja Osborne. Mkuu wa shule alikuwa amemwalika azungumze na wanafunzi kuhusu fizikia na maendeleo ya taifa. Wakati wa maswali Mpemba akasimama: bika mbili, maji sawa, moja nyuzi 35, nyingine nyuzi 100, zinaingizwa kwenye friji, ya nyuzi 100 inaganda kwanza, kwa nini? Wenzake wakacheka, na baadaye wakamsema kwamba amewatia aibu mbele ya mgeni. Osborne mwenyewe ameandika kwamba alidhani kijana amekosea, ila akakumbuka kwamba mwanafunzi anayehoji hapaswi kukatwa ulimi. Akaahidi kwamba akirudi Dar es Salaam atajaribu.

Akarudi, akampa kazi hiyo fundi sanifu wa maabara. Fundi akaleta taarifa: kweli, yaliyoanza ya moto yameganda kwanza. Kisha akaongeza kwa nia njema kabisa kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi.

Nimecheka kila mara niliposimulia kisa hiki, mpaka niliposimama kwenye maabara ya sekondari siku ya mazoezi ya vitendo. Yule fundi hajastaafu, tumemzalisha kwa maelfu.

Mzazi ambaye hajui kinachofanyika humo, nitamweleza. Zoezi la pendulamu ni la miaka yote. Unafunga jiwe dogo kwenye uzi, unalibembeza, unahesabu mizunguko 20 kwa saa ya kusimamishia, unabadilisha urefu wa uzi, unarudia, unachora grafu, na kutoka kwenye mteremko wa mstari unakokotoa mvutano wa dunia. Kila mtoto anajua kwamba inatakiwa ije 9.8. Kwa hiyo mwenye akili anaanzia mwishoni. Anachora kwanza mstari unaotoa 9.8, halafu anazipanga nukta juu yake kama shanga, halafu anarudi nyuma kujaza jedwali la muda aliousoma kwenye saa. Jiwe lenyewe linaning'inia mezani, halina kazi.

Kwenye kemia ni vivyo hivyo. Bureti imesimama, kiashiria, MO au POP, kimeshatiwa, na badala ya macho kuwa kwenye rangi, masikio yako kwenye meza ya jirani: umepata ngapi? Akitajwa mmoja anayesifika kwa akili kwamba amepata 22.5, ndani ya dakika tano darasa zima limepata 22.5, pamoja na yule ambaye bureti yake inavuja. Wanafunzi wenyewe wana jina la ufundi huu. Wanauita kupika data. Mwenye jina la mpishi hodari hatengwi. Anatafutwa kabla ya mtihani.

Wala si uvivu. Kupika data kunataka uielewe kanuni vizuri, ujue ni kosa dogo kiasi gani utie ili lisionekane limepikwa. Ni kazi ya akili kweli, bali akili hiyo inatumika kuizuia dunia isiseme lolote. Na mtoto amejifunza hivyo kwa sababu sisi tumempa alama kwa namba iliyolingana na yetu. Aliyepata 9.1 kwa kupima kwa haki, uzi ukiwa umevutika na saa ikiwa ya kubahatisha, anapewa alama pungufu ya aliyepika 9.79.

Miaka ya 2014 na 2015 nchi nzima ilikuwa mbioni kujenga maabara tatu kwa kila sekondari ya kata, ya fizikia, ya kemia na ya biolojia, kwa agizo la Rais Kikwete. Wananchi walichangishwa, wengine kwa hiari, wengine kwa kufuatwa na mgambo. Sibezi kazi hiyo. Kabla ya hapo shule nyingi zilifanya ule mtihani mbadala wa vitendo, ambamo mtoto anachorewa bureti kwenye karatasi na kuambiwa aisome. Kuta zilihitajika. Lakini kuta haziwezi kumwondoa fundi wetu, kwa kuwa yeye hakai kwenye jengo. Mkwawa ilikuwa na maabara.

Sasa nije kwenye swali ambalo wasomaji huniuliza kila nikimtaja Mpemba: je, ni kweli? Jibu linawaudhi wengi. Mambo bado hayajatulia. Osborne, katika vipimo vyake, aliona maji yaliyoanzia nyuzi 25 yakichukua muda mrefu kuanza kuganda kuliko yaliyoanzia karibu na 90. Tangu hapo zimetolewa sababu za kila aina: maji ya moto hupungua kwa mvuke, hupoteza hewa iliyoyeyuka ndani yake, huzunguka kwa kasi chomboni, na maji mengine hushuka chini ya sifuri bila kuganda mpaka yashtuliwe. Mwaka 2012 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kilitangaza shindano la maelezo bora, wakajitokeza washiriki zaidi ya 22,000, na Mpemba mwenyewe akaalikwa London kwenye kutoa zawadi. Zawadi ilitolewa, ubishi ukabaki. Mwaka 2016 Burridge na Linden, watafiti wa Uingereza, walipima kwa uangalifu, wakasema hawaoni ushahidi wa maana, na kwamba kusogeza kipimajoto juu au chini kidogo tu ndani ya maji kunaweza kukuletea jambo ambalo halipo. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer, huko Kanada, wakaonyesha jambo la namna hiyo hiyo waziwazi, ila si kwa maji: walitumia chembe ndogo mno ya kioo.

Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba mwalimu wa Mkwawa, kuhusu maji, siku moja ataonekana hakuwa mbali na ukweli. Mimi hilo halinitikisi. Sikuwahi kumpenda Mpemba kwa kuwa alishinda. Aliona kitu, akakisema, akachekwa, akaenda kukiangalia tena, akakisema tena mbele ya mtu mkubwa zaidi. Kilichofuata hapo, miaka zaidi ya 50 ya watu wazima wenye shahada kubishana juu ya friji, ndiyo sayansi yenyewe, nayo haifanani hata kidogo na grafu iliyonyooka ya mtoto wa kidato cha nne.

Yeye mwenyewe hakuishia kwenye fizikia. Makala ilipochapwa alikuwa Chuo cha Wanyamapori, Mweka, na kazi yake ya maisha ikawa uhifadhi.

Mtaala wa 2005 ulihubiri umahiri, mitaala mipya iliyoanza 2024 nayo inahubiri umahiri. Najua walimu watasema: dada Zaina, nina wanafunzi sabini, bureti sita, na muhula unaisha. Ni kweli, na ndiyo maana ombi langu nalielekeza kwa Baraza la Mitihani, ambako mwalimu huangalia ndipo afundishe. Katika karatasi ya vitendo, swali moja tu liwe lile ambalo hata mtungaji hana namba yake mfukoni. Msahihishaji asitafute 9.8. Asome jedwali, atazame grafu, aone kama nukta zimeachwa mahali kipimo kilipoziweka. Nukta moja iliyokaa kando ya mstari, ikiwa na maelezo chini yake ya kwa nini mtoto hakuifuta, ipewe alama mbili. Tatu, kama maelezo ni mazuri.