Tarehe ya GTA VI Ilitolewa kwa Nani?

Novemba 6, 2025, Rockstar Games ilitoa taarifa fupi: Grand Theft Auto VI haitatoka Mei 26, 2026 kama ilivyoahidiwa, bali Novemba 19 mwaka huo huo. Hiyo Mei yenyewe ilikuwa imeletwa kufidia ahadi nyingine, maana trela ya kwanza, Desemba 2023, ilikuwa imetaja mwaka 2025. Ukipita kwenye vyumba vya gemu vya Kibokoni, Kuze au Bondeni, hapa Mombasa, utakuta ubishi una pande mbili. Kuna wanaosema waachwe wamalize kazi yao, kwani kibovu cha haraka hakuna anayekitaka. Na kuna wanaosema tunachezewa sisi badala ya kucheza.

Mimi niko na hawa wa pili, ingawa sababu yangu si ile wanayoitoa wao. Kuchelewa hakunikeri. Gemu ni kazi ya watu maelfu, na kazi hiyo haijui kalenda. Kinachoudhi ni tarehe zenyewe: zinakotoka, na anayeambiwa kwanza.

Mei 2024, ahadi ya 2025 ilipobanwa ikawa majira ya vuli ya mwaka huo, habari ilitoka pamoja na matokeo ya fedha ya Take-Two Interactive, kampuni ya New York inayoimiliki Rockstar. Kuahirishwa kwa Novemba 2025 nako kulitangazwa siku ile ile ya matokeo ya robo mwaka. Mkurugenzi mkuu wa Take-Two, Strauss Zelnick, huulizwa mara kwa mara na watu wa soko la hisa kama bado ana imani na tarehe, naye hujibu kwamba anayo. Tarehe ilipoahirishwa mara ya kwanza, Mei 2025, hisa zilishuka. Ilipoahirishwa tena Novemba zikashuka tena. Hayo ni mazungumzo ya kampuni na wenye mali yake. Sisi wa Mombasa tunayasikia kama anayesikia ugomvi wa jirani kupitia ukutani, kisha tunakasirika kana kwamba tuliitwa.

Barazani watu husema ahadi ni deni. Kweli, lakini deni lina mdai, na mpenzi wa gemu ambaye hajatoa hata shilingi hana cha kudai ila hasira. Mwenye hisa ndiye aliyeweka pesa, na ndiye anayetulizwa kwa tarehe.

Tazama pia mwendo wa miaka. GTA III ilitoka 2001, Vice City 2002, San Andreas 2004, GTA IV 2008, GTA V Septemba 2013. Baada ya hapo, kimya cha miaka kumi hadi trela. Mashabiki husema gemu zimekuwa kubwa mno, na ni kweli, lakini kuna sababu nyingine isiyosemwa sana. GTA V imeuza zaidi ya nakala milioni 200. Ilitoka kwenye PS3, ikauzwa upya kwenye PS4 mwaka 2014, kisha tena kwenye PS5 mwaka 2022. Upande wake wa mtandaoni, ulioanza Oktoba 2013, mpaka leo unauza pesa za bandia kwa pesa za kweli. Kampuni inayokula namna hiyo haina njaa ya kuikimbiza. Kila anayeendelea kununua vikorokoro vya GTA V huku akilalamika kuhusu GTA VI anaulipia huo ucheleweshaji anaoulaani.

Nao wanaodhani kelele zetu zinamfikia bosi wajiulize zinaishia kwa nani. Mwaka 2018, kabla ya Red Dead Redemption 2 kutoka, Dan Houser, mmoja wa waanzilishi wa Rockstar, alisema wamekuwa wakifanya kazi saa 100 kwa wiki. Baadaye akafafanua kwamba alikusudia kikundi kidogo cha waandishi. Mwishoni mwa Oktoba 2025, siku chache tu kabla ya kuahirishwa kwa pili, Rockstar iliwafukuza wafanyakazi zaidi ya 30 wa Uingereza na Kanada. Chama cha wafanyakazi cha IWGB kikasema wamefukuzwa kwa kujiunga na chama. Kampuni ikasema walitoa siri za kazi. Ukitaka gemu itoke kesho, anayekesha ni mtu wa aina hiyo.

Hata hivyo, kuahirisha si dawa. Cyberpunk 2077 ya kampuni ya CD Projekt ya Poland iliahirishwa mara tatu ndani ya mwaka 2020. Ilipotoka Desemba 10, kwenye PS4 ilikuwa mbovu kiasi kwamba Sony iliiondoa dukani kwake kabla ya wiki mbili kuisha na kuwarudishia watu pesa. Upande wa pili kuna Hollow Knight: Silksong, iliyotengenezwa na kikundi kidogo sana huko Adelaide, Australia. Ilitangazwa Februari 2019, kisha kwa miaka mingi mashabiki wakawa wanaomboleza. Lakini tarehe kamili ilipotolewa, Agosti 2025, zilikuwa zimebaki wiki mbili tu, na Septemba 4 gemu ilikuwa mikononi mwa watu. Wale walitaja siku walipokuwa na kitu cha kutoa. Hilo ndilo ningependa Rockstar ijifunze.

Huku kwetu hesabu ni nyingine kidogo. GTA VI imetangazwa kwa PS5 na Xbox mpya pekee, ilhali vyumba vingi bado vinaendeshwa na PS4, vingine hata PS3. Mwenye chumba aliyekuwa akitegemea kwamba mashine hushuka bei zinavyozeeka amekutwa na kinyume: Agosti 2025 Sony iliongeza bei ya PS5 Marekani kwa dola 50. Gemu mpya ya dola 70 ni kama shilingi 9,000, kabla hujagusa bando ya kuishusha, na gemu kubwa za leo hupita gigabaiti 100. Zama za San Andreas ya PS2, iliyopatikana kwa diski ya kuchoma, zimekwisha.

Tena kinacholipa kodi ya chumba ni gemu ya mpira. Watu wawili wanashika pedi, mechi inakwisha, aliyefungwa anampisha mwingine, pesa inazunguka. GTA ni ya mtu mmoja aliyekaa saa nzima akitafuta gari la kuiba. Mpira mpya nao hufika kila mwaka, mara nyingi Septemba, na malalamiko yake ni ya kinyume kabisa: kwamba umefika mapema mno ukiwa ni ule ule wa mwaka jana. (Wazazi wa Mji wa Kale, kwa upande wao, wangefurahi GTA VI isifike kabisa. Mtoto aliyezaliwa siku GTA V ilipotoka atakuwa na miaka 13 Novemba 2026, na gemu zote mbili si za umri wake.)

Kwa hiyo anayeumia kweli si kijana mwenye hasira, bali mwenye chumba aliyeichukulia tarehe ya New York kuwa mpango wa biashara, akakopa kwenye chama anunue PS5 mbili ili awahi wateja. Mkopo haukuahirishwa. Kwake na kwa wenzake nina neno moja: usikope kwa kufuata trela, na usilipie gemu ambayo haijatoka. Siku itakapokuwa dukani, na waliotangulia kuinunua wakasema inacheza vizuri, nenda Moi Avenue uulize bei ya mashine siku hiyo. Mpaka hapo, PS4 yako na mpira wake zinatosha kulipa kodi.