UCHAMBUZI: Tutazame shamba kabla ya kuchagua jembe la takwimu

ABIRIA anayesafiri kutoka Kayole, Umoja au Buruburu hadi katikati mwa jiji la Nairobi huijua njia yake kwa nambari ya matatu. Kwa muda mrefu maarifa hayo yalikaa zaidi vichwani mwa madereva, makanga na abiria kuliko katika makaratasi.

Mradi wa Digital Matatus, ulioanza mwaka 2012 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Nairobi, vyuo vya MIT na Columbia vya Marekani na kampuni ya Groupshot, ulinuia kuziba pengo hilo. Wanafunzi walipanda matatu wakiwa na simu za mkononi, wakanakili vituo na njia. Mapema mwaka 2014 ramani ya njia zaidi ya 130 ilitolewa, na mwaka 2015 data hiyo ikaingia katika ramani za Google.

Ufanisi huo ulitokana pakubwa na uamuzi wa kuhifadhi data kwa mpangilio wa GTFS, yaani faili za maandishi matupu ambazo takriban programu yoyote huweza kuzisoma. Mpangilio huo ulibuniwa kwa mabasi yanayofuata ratiba. Ilibidi urekebishwe uwafae watu ambao matatu yao huondoka ikijaa.

Vijana wengi wanaosomea uchanganuzi wa data hubishana iwapo R inaishinda Python. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Michango ya chama cha wakazi wa mtaa yatosha kuhesabiwa kwa Excel. R, iliyobuniwa New Zealand miaka ya 1990, hufaa utafiti wa kitakwimu. Python hufaa kazi inayojirudia kila siku. Zote mbili hazilipishwi.

Hata hivyo, jembe lisilofaa huharibu shamba. Oktoba 2020, Uingereza iligundua kuwa visa 15,841 vya corona vilikuwa vimeachwa nje ya hesabu, kwa sababu faili za Excel za muundo wa zamani hazibebi zaidi ya mistari 65,536. Waliokaribiana na wagonjwa hao walichelewa kufuatiliwa.

Basi kijana wa Dandora anayetaka kupima jinsi nauli inavyopanda mvua inyeshapo aandike kwanza swali lake, akadirie wingi wa data, kisha ajiulize ni nani atakayeiendeleza kazi hiyo yeye akiondoka. Akishayajibu hayo, hatatatizika kuchagua programu.