Hulka zetu zisiwe hakimu wa makosa kazini

Juzi katika mkahawa mmoja hapa Makutano, mjini Meru, niliwasikia walimu wawili wakizozana kuhusu mwenzao aliyeingia darasani akiwa mlevi. Mmoja, mtu wa misimamo mikali, alishikilia kwamba afutwe siku hiyo hiyo. Wa pili, mpole wa moyo, akamjibu: "Mwalimu, yule ni mwenzetu na ana watoto wa kulisha. Tumsitiri." Waliondoka bila kuafikiana, na hakuna aliyewataja wanafunzi.

Kisa hicho ni kidogo, lakini chafichua jambo kubwa. Aghalabu mfanyakazi anapokosa, hatulipimi kosa lenyewe bali twalitazama kwa miwani ya hulka zetu. Mwenye kuchunga saa humwona mchelewaji kuwa mwizi wa wakati. Mwenye huruma humwona kuwa mtu aliyezongwa na shida. Mwoga huinamisha kichwa akajifanya hakuona.

Sikatai kwamba kila mja ana tabia yake. Hata hivyo, kosa halipungui wala haliongezeki kwa kuwa anayelitazama ni mpole au mkali. Ndiyo maana Sheria ya Ajira ya 2007 haikuliacha jambo hili litegemee hulka ya mkubwa wa kazi. Kifungu cha 44 chautaja ulevi kazini miongoni mwa makosa yanayoweza kumfutisha mtu papo hapo. Lakini kifungu cha 41 chamtaka mwajiri kwanza amweleze mfanyakazi sababu, kwa lugha anayoielewa, mbele ya mwenzake aliyemchagua, kisha amsikilize. Basi yule mkali alikosea kwa kutaka hukumu bila utetezi, na yule mpole alikosea zaidi kwa kutaka kimya.

Nasema zaidi kwa sababu gharama ya upole huo hulipwa na wasio na sauti. Tume ya Huduma za Walimu ililitambua hilo katika waraka wake nambari 3 wa 2010 kuhusu dhuluma za kimapenzi dhidi ya wanafunzi: mwalimu anayejua asiripoti, naye huadhibiwa.

Kusema si rahisi. David Munyakei, karani wa Benki Kuu ya Kenya, alitoa siri za kashfa ya Goldenberg mapema katika miaka ya 1990. Alifutwa kazi, na alipofariki mwaka wa 2006 alikuwa maskini. Taifa lililofaidika na ujasiri wake halikumlinda. Ole wetu tukidhani fundisho la maisha yake ni kunyamaza!

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kilio humfichua. Basi, mwalimu mwenzangu, na wewe mwanafunzi utakayeajiriwa kesho, ukiona kosa jiulize: je, lau angelitenda mtu nisiyempenda, ningesemaje? Na aliyeumia ni nani? Ukishapata majibu, hulka yako na ikae kando.