Metali Yenye Kumbukumbu na Wajibu wa Askari

Yako maarifa ambayo askari aghalabu huwaachia mafundi wa karakana, akidhani kwamba hayamhusu. Mojawapo ni maarifa ya metali. Sisi twaiona fikra hiyo kuwa ya hatari, kwani bunduki, pingu, gari na daraja tunalovuka vyote ni metali, na uhai wetu hutegemea jinsi metali hiyo ilivyotiwa moto na ilivyopozwa.

Mwaka 1959 William Buehler, mtaalamu katika maabara ya silaha ya Jeshi la Majini la Marekani, jimboni Maryland, alikuwa akitafuta metali ya kustahimili joto kwenye ncha ya kombora. Akajaribu mchanganyiko wa nikeli na titani. Mwaka 1961 kipande cha mchanganyiko huo, kilichokunjwakunjwa, kilipitishwa mkono kwa mkono kikaoni. Mmoja wa wakubwa, David Muzzey, akakipasha kwa moto wa kuwashia kiko chake, na kipande kikajinyosha chenyewe mbele ya macho yao! Metali hiyo ikaitwa nitinoli.

Siri yake askari ataielewa upesi kuliko raia. Nitinoli ikiwa baridi, atomi zake husimama mguu pande: hulegea na kuinama, lakini hakuna inayoacha nafasi yake wala jirani yake. Ikipata joto, ni kama amri ya mguu sawa imetolewa. Kila atomi hurejea wima. Umbo la kukumbukwa hutiwa kwanza kwa moto wa nyuzi 500 hivi. Hesabu yake ni kali mno, kwani nikeli ikizidi kwa sehemu moja tu katika mia, joto la kugeukia hushuka kwa nyuzi 100 hivi. Katika miaka ya 1970 viungo vya mabomba ya ndege za kivita za F-14 vilitengenezwa kwa metali hiyo, na leo hii madaktari huitumia kutanua mishipa ya damu iliyoziba.

Chuma cha pua hakina tabia hiyo, na hapa ndipo twapenda kusisitiza. Springi ya magazini iliyolegea, akaitia askari motoni hadi ikawa nyekundu ili ainyoshe, haikumbuki kitu. Ikipoa polepole hubaki laini. Ikitoswa majini hukatika kama kijiti kikavu. Siku ya siku risasi haipandi. Wahunzi wetu wafuao mapanga kutokana na springi kuukuu za magari walilijua jambo hili zamani, bila cheti.

Sasa tuwageukie wenzetu walioko zamu Base Camp, kitovu cha makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Mwananchi wa Burundi wanayemlinda pale ameacha kwao nikeli ya Musongati. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania inayo nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara. Mchanga wenye titani ulichimbwa Kwale, Kenya, hadi mwisho wa mwaka 2024. Shaba, ambayo ikichanganywa na alumini na nikeli nayo hupata kumbukumbu, ilichimbwa Kilembe na kuyeyushwa Jinja kwa miaka mingi. Mawe, basi, yametuzunguka pande zote. Tunachokosa ni tanuri za kuyeyushia pasipo hewa, maana titani ya moto huila hewa ikaharibika, pamoja na watu waliofunzwa kuziendesha.

Wako watakaotucheka, wakiuliza tangu lini msemaji wa jeshi akawa mhunzi. Na wacheke. Hatusemi kwamba kesho Mbarara itayeyusha nitinoli. Twasema kwamba Mbarara ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kinachofundisha hata uhandisi wa vifaa vya tiba, na kwamba umbali kati ya madarasa yake na karakana za kambi ni mfupi kuliko doria ya usiku mmoja. Mafundi wetu wa silaha na magari wapelekwe huko kwa zamu, na vijana wa Base Camp wenye mikono hodari wasiachwe nje ya mlango. Kwa somo la kwanza hahitajiki mfadhili: urefu wa kidole wa waya wa nitinoli na kikombe cha maji ya moto vyatosha.