Kabla Fundi Hajashika Bisibisi, Muulize Kama Kibodi Imekufa Kweli

Saa kumi na moja alfajiri, bando imebaki ya saa tatu, kazi ya kunakili mahojiano inatakiwa kabla ya saa nne, na kibodi imenyamaza. Unabonyeza herufi ya kwanza ya nywila, kimya. Unabonyeza kwa hasira, kimya. Kishale kinatembea ukigusa padi, skrini inawaka poa, jina lako liko palepale, lakini vitufe vimekuwa mapambo tu.

Huyo nilikuwa mimi, Novemba 2025, siku mbili baada ya kuwekewa Windows 11 katika duka moja mjini. Ile kazi niliikosa. Mteja hakutukana wala nini, alinyamaza tu kama kibodi yangu, na hajawahi kunitumia nyingine. Mchana nikapeleka laptopu kwa fundi. Alibonyeza vitufe viwili, akatikisa kichwa kama daktari wa kwenye filamu: "Bosi, hii kibodi imeenda. Tubadilishe, elfu tatu na mia tano." Nikalipa. Kibodi mpya ikafungwa, laptopu ikawashwa, na ile mpya nayo ikakataa kuandika.

Naandika haya kwa sababu tangu siku hiyo nimekutana na wasee wengi wenye hadithi kama hii, na nyingi zinaanza vilevile: mfumo mpya uliingia, kibodi ikazima. Msimamo wangu ni mmoja. Fundi anayeuza kibodi kabla ya kuipima anatuibia, hata kama hajui kwamba anaiba. Na sisi wateja tumemsaidia kufika hapo. Hiyo ya pili haitawapendeza wengi, nitaifikia.

Kwanza tujue tumefikaje hapa. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft iliacha kuipa Windows 10 masasisho ya kawaida ya usalama. Ni mfumo uliotoka mwaka 2015, na karibu kila laptopu ya mtaa wetu ilikuwa nao. Windows 11 nayo ina masharti: chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM isiyopungua GB 4, diski ya GB 64, na kama prosesa ni ya Intel, basi iwe kizazi cha nane kwenda juu, yaani zile zilizoanza kutoka 2017. Sasa angalia laptopu yako. Kama ni mtumba uliotoka kwenye ofisi fulani Ulaya, kuna uwezekano mkubwa ni kizazi cha nne, cha tano au cha sita. Ilistaafu huko, ikaja kuanza maisha hapa.

Kwa hivyo fundi anapita nyuma ya masharti. Kuna njia za kuufanya mfumo usikague mashine, na Windows 11 inaingia tu. Mara nyingi inafanya kazi bila shida. Tatizo ni draiva, zile programu ndogo zinazoufundisha mfumo kuongea na kila kifaa kilichomo ndani. Kampuni iliyounda laptopu ya 2015 haikuandika draiva za mfumo wa 2021. Fundi akiwa na haraka anachomeka flashi yenye furushi la draiva za kila mashine duniani, anabonyeza "weka zote" na kwenda kunywa chai. Katika furushi hilo kibodi yako inaweza kupewa lugha ya kibodi nyingine. Yangu ndivyo ilivyokuwa.

Na usidhani ni mafundi wa mtaani pekee wanaokosea. Sasisho ambalo Microsoft wenyewe walilitoa siku ileile ya Oktoba 14 lilifanya kibodi na mausi za USB zikatae kufanya kazi ndani ya sehemu ya uokoaji ya Windows, ile unayoingia mashine ikigoma kuwaka. Yaani umekwama, unafika mlango wa dharura, na mlango hausikii ukibisha. Tarehe 20 Oktoba wakatoa sasisho lingine la kurekebisha. Hakuna kibodi hata moja iliyokuwa imeharibika. Hebu niambie, kama ungepeleka mashine kwa fundi wangu wiki hiyo, ungetoka hapo umelipa pesa ngapi?

Jambo ambalo fundi wangu hakulifanya linachukua dakika kumi na halihitaji bisibisi. Zima mashine kabisa. Iwashe, na papo hapo ugonge-gonge kitufe cha kuingilia mipangilio ya ndani, ile BIOS. Kwenye Dell huwa ni F2, kwenye HP ni Esc au F10, kwenye Lenovo nyingi ni F1 au F2. Ukiingia, tembeza mishale. Ile skrini iko chini ya Windows, haijui Windows ni nini. Vitufe vikifanya kazi pale, kibodi yako ni nzima na waya wake ni mzima. Shida iko kwenye mfumo. Mimi nilipojaribu hivyo nikiwa na kibodi mpya ya elfu tatu na mia tano, mishale ilikimbia kama watoto wa shule saa ya mapumziko. Nilikaa nikiitazama tu. Sijui kama nilikuwa nafurahi au nalia.

Ukishajua kwamba shida ni ya mfumo, utaingiaje bila kuandika nywila? Chini kulia kwenye skrini ya kuingilia kuna alama ndogo ya mtu. Ibonyeze kwa padi au mausi, uchague kibodi ya skrini, uandike kwa kubofya herufi moja moja. Inachosha, lakini utaingia. Ama azima kibodi ya USB. Mimi niliazima kwa mathe wa saiba ya ploti yetu, ambaye alinipa ile yenye herufi zilizofutika zote akasema, "Ukiivunja unalipa." Kwa namna ilivyokuwa, sijui ningeivunja wapi pengine.

Ndani, kabla ya yote, bonyeza Restart. Usizime na kuwasha tena, chagua Restart hasa. Wengi hawajui kwamba Windows ya siku hizi ukiizima haizimiki yote. Inahifadhi sehemu ya usingizi wake ili iamke haraka kesho, na kasoro iliyokuwemo inaamka nayo. Restart ndiyo inaanza upya.

Ikibaki hivyo, angalia Filter Keys kwenye mipangilio, sehemu ya Accessibility halafu Keyboard. Hiki ni kitu kilichowekwa kwa nia njema, kwa watu ambao mikono yao hutetemeka: mfumo unapuuza kitufe kilichoguswa kwa muda mfupi. Kinaweza kuwashwa kwa kushikilia Shift ya kulia sekunde nane. Sasa fikiria uko kwenye matatu, laptopu imefunguka, umeegemea kiwiko hapo, au daftari limelalia kitufe. Dirisha linatokea, unabonyeza "ndiyo" bila kusoma kama kawaida yetu, na kuanzia hapo kibodi "imekufa". Haijafa. Shikilia herufi moja hadi kama sekunde moja, utaiona ikitokea. Namjua kijana wa chuo aliyekaa wiki mbili akiandikia kwenye simu kwa sababu ya hilo swichi moja. Mfumo hauna lawama hapo. Lawama iko kwa sisi tusiosoma madirisha.

Dawa yangu mimi ilikuwa kwenye Device Manager. Bofya kitufe cha Windows upande wa kulia wa mausi, utaiona kwenye orodha. Fungua mstari wa Keyboards. Kwenye laptopu nyingi utakuta jina "Standard PS/2 Keyboard", na hapa kuna kitu kilichonifurahisha: PS/2 ni jina la kompyuta za IBM za mwaka 1987. Mashine inaweza kuwa nyembamba kama chapati, lakini kibodi yake ya ndani bado inaongea lahaja ya wakati wazazi wetu walikuwa shule. Ndiyo maana kwa kawaida haihitaji draiva yoyote ya pekee, Windows inaijua tangu zamani. Kwangu mimi jina hilo halikuwepo. Kulikuwa na jina la kifaa cha kampuni ambayo haikuunda laptopu yangu, na alama ya njano ya onyo juu yake. Nikachagua Uninstall, nikarestati. Windows ikaitafuta kibodi yenyewe, ikaipa draiva yake ya kawaida, na herufi zikarudi. Dakika nne. Nilihesabu.

Kama kwako haikurudi, kuna njia mbili bado. Ukipandisha mfumo juu ya ule wa zamani bila kufuta, Windows 11 inakupa siku 10 za kurudi ulikotoka, kupitia System halafu Recovery. Na ukirudi Windows 10 hujaachwa uchi kabisa: Microsoft wana mpango wa kuongeza masasisho ya usalama kwa watu binafsi hadi 13 Oktoba 2026, na unaweza kujiunga bila kulipa ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti yao. Duka liliponiuzia hofu ya "bosi, Windows 10 imekwisha, utadukuliwa kesho", hilo halikutajwa. Nyingine ni kuwasha Linux kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha. Kibodi ikiandika ndani ya Linux na ikakataa ndani ya Windows, umepata ushahidi wa kumwekea mtu mezani.

Kuna siku kibodi inakuwa imekufa kweli, na hapo fundi ana haki ya kulipwa. Ukimwaga chai juu yake. Vitufe vya safu moja tu vikikataa na vingine viko sawa. Ikikataa hata kule BIOS. Na ukiona kibodi imevimba kwenda juu, au padi imekuwa ngumu kubofya, zima mashine na uache kuichaji: hiyo huenda ni betri inayofura chini yake, na betri ya namna hiyo hushika moto. Usiibonyeze irudi chini kama wanavyofanya wengine. Peleka siku hiyo hiyo.

Sasa ile sehemu isiyopendeza. Nilimrudia yule fundi nikiwa na hasira zangu zote. Alinisikiliza, halafu akaniuliza swali: "Ningekuambia nipe mia tano niipime tu, ungenipa?" Nikanyamaza. Ukweli ni kwamba nisingempa. Ningesema anataka kunila bure, ningevuka barabara kwa mwingine. Sisi tunalipia kitu tunachokiona. Kibodi inashikika, kwa hivyo tunaitoa elfu tatu bila shida. Kupima ni maarifa, na maarifa tunataka ya bure, "si unaangalia tu?" Basi fundi mwenye kodi ya kibanda na watoto anajifunza haraka kwamba kusema ukweli hakulipi stima. Ataiuza kibodi. Hata mimi labda ningeiuza.

Hilo halimsafishi. Mtu akikuwekea mfumo mpya, jukumu lake halijaisha skrini ikiwaka. Anapaswa kuandika kwenye risiti kwamba mashine haijatimiza masharti ya Windows 11 na amepita nyuma yake. Anapaswa kukurudishia kifaa cha zamani alichokitoa, kwa sababu ni mali yako. Na ada ya kupima iandikwe ukutani pembeni ya bei ya skrini na betri, halafu sisi tuilipe bila kelele. Mia tano ya ukweli ni rahisi kuliko elfu tatu na mia tano za kubahatisha.

Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa kutoshea, kwa hivyo sina cheti cha kukuonyesha. Ila nakumbuka vizuri somo la kompyuta la muhula wa kwanza. Tulikariri kwamba kibodi ni kifaa cha kuingizia data. Swali lilikuja kwenye mtihani, nikapata alama zote mbili. Hakuna aliyetuambia la kufanya data ikikataa kuingia. Tunafundishwa majina ya sehemu za mashine kama majina ya mito ya Afrika, halafu tunaambiwa tujiajiri mtandaoni kwa mashine hiyohiyo, na ikigoma alfajiri uko peke yako.

Kuhusu yule fundi: tuliishia kuelewana. Alikubali kunirudishia elfu moja ya kazi ya mikono. Nikamwambia sawa, lakini pia nataka kibodi yangu ya zamani, ile aliyosema imekufa, angalau niwe na akiba. Akaangalia chini ya meza, akaangalia kwenye kikapu, akajikuna. Alikuwa ameshaifunga kwenye laptopu ya dada mmoja Jumanne iliyopita. Inaandika vizuri sana, akaniambia.