Ale Si Ngeni kwa Aliyekunywa Komoni

Kwenye baa nyingi za Morogoro utasikia maneno haya: bia yetu ni lager, tena ile ya baridi inayotoa jasho kwenye chupa, ale, bia inayochachushwa bila ubaridi, ni chungu, mambo ya wazungu, na pombe ya kienyeji ni ya kulewea tu, haina cha kuonja. Nayapinga yote matatu, na ushahidi wangu unaanzia kilabuni.

Nilikuwa Mgeta, juu kwenye Milima ya Uluguru, siku ambayo mama mmoja alikuwa na pipa la komoni, pombe ya kienyeji ya mahindi na ulezi, lililokaribia kuiva. Kazi yenyewe ilianza siku kadhaa nyuma. Unga wa mahindi aliuloweka mpaka ukachachuka, akaukaanga kwenye bati juu ya moto wa kuni, huku akigeuza kwa mwiko mpaka ukawa wa kahawia na kunukia kama ganda la mkate. Kisha maji, kisha kimea cha ulezi. Asubuhi ile alichota kidogo kwa kata, lakini hakukimbilia kunywa. Aliinusa kwanza. Akainamisha sikio kwenye pipa kusikiliza inavyochemka. Ndipo akaonja, akaizungusha mdomoni, akatema pembeni.

"Bado changa, mwanangu. Utamu wa kimea haujaisha."

Tukangoja mpaka alasiri. Ilipochujwa, ule utamu ulikuwa umepungua, ukali umepanda, na harufu ya unga uliokaangwa ikabaki kooni muda mrefu baada ya kumeza. Mama yule alikuwa amefanya yale yale anayofanya mtengeneza ale mbele ya tangi la chuma: kunusa, kuonja, na kujua pombe imefika wapi. Anayesema kilabuni hakuna cha kuonja hajawahi kuwahi kilabuni asubuhi.

Undugu hauishii kwenye kuonja. Hamira ya ale hufanya kazi vizuri kwenye joto la nyuzi 15 hadi 24 hivi, na kwa siku chache tu. Komoni nayo huchachuka bila kupozwa. Lager ndiyo inayodai ubaridi, nyuzi 7 hadi 13, kisha kulazwa kwa majuma. Wajerumani waliilaza kwenye mahandaki yenye barafu, mpaka miaka ya 1870 Carl von Linde alipowatengenezea mashine za kupoza. Huku kwetu kiwanda cha bia cha Tanganyika Breweries kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1933, miaka mingi baada ya mashine hizo. Kwa hiyo kati ya ale na lager, lager ndiyo iliyotoka mbali zaidi na pipa la mama wa Mgeta. Hata rangi nyepesi ya pale ale, ile ale ya Waingereza, ilitokana na moto: walipoanza kukausha kimea kwa makaa ya mawe yaliyosafishwa badala ya kuni, kikatoka cheupe bila moshi. Mwiko juu ya bati unaijua siri hiyo.

Tofauti ya kweli kati ya ale na komoni ni hopsi, maua ya mmea utambaao ambao huku hatuna. Ndiyo yanayoleta uchungu na harufu ya maganda ya limao au majani, na ndiyo yanayoisaidia ale kukaa bila kuharibika, wakati komoni ikilala siku mbili tatu inageuka siki. Lakini uchungu nao si hoja. Sisi tunaokula mchunga na nyanya chungu, tena kwa kusifia, tunaogopa uchungu gani?

Nakubali kwamba ale ya viwanda vidogo ni ghali, na wapo wanaoagiza glasi ili waonekane. Nakubali pia kwamba kilabuni wengi huenda kulewa, baani vilevile. Gongo, ile pombe kali ya kienyeji, siitetei kabisa, inaua watu. Ila ulevi wa mnywaji hauondoi ufundi wa mpishi.

Mhudumu akikuuliza "baridi au moto?", wanaojibu "moto" huchekwa kama washamba. Hawakukosea sana. Ubaridi mkali huutia ganzi ulimi, na lager nyepesi haipotezi mengi kwa hilo, lakini ale inapoteza karibu kila kitu. Itoe kwenye friji, iache mezani robo saa. Mimina kwenye glasi pana, acha nafasi ya povu, ingiza pua kabla ya mdomo. Funda la kwanza lizungushe polepole: utatangulia utamu wa kimea, kisha ile ladha ya ganda la mkate, uchungu utakuja mwisho.

Na ukipanda Mgeta, usiagize komoni kwa kelele ukiwa mlangoni. Msalimie mama, muulize ameichuja lini, na umwombe akuonjeshe kwanza.