Mfua Fedha na Mwanga Wake

Juma hili tuzungumze juu ya picha ya fundi. Mwaka 1768, mjini Boston, uliokuwa bado chini ya utawala wa Uingereza, mchoraji John Singleton Copley alimchora Paul Revere, mfua fedha wa mji huo. Wateja wengi wa Copley walikuwa matajiri, nao walichorwa katika mavazi ya fahari. Revere amechorwa bila koti, amevaa shati jeupe na kizibao kilicho wazi, ameketi mezani penye vyombo vyake vya kuchongea nakshi. Mkono mmoja umeshika kidevu. Wa pili umeshika buli la fedha ambalo bado halijatiwa nakshi.

Nyuma yake ni giza. Mwanga unatoka upande mmoja na kuangukia mahali pachache tu: paji la uso, shati, mikono na buli. Ukitazama kwa makini utaviona vidole vyake vikimulika katika tumbo la buli. Mchoraji ametumia mwanga huo kutuambia kwamba heshima ya mtu huyu imo katika akili na mikono yake. Revere alipata sifa ya vita miaka 7 baadaye, Aprili 1775, alipopanda farasi usiku kuwaonya wenzake kwamba askari wa Uingereza wanakuja. Siku ya kuchorwa alikuwa fundi atafutaye riziki.

Sisi wa pwani ya Cabo Delgado tunaijua kazi hiyo. Kisiwani Ibo, katika ngome ya São João Baptista iliyojengwa na Wareno mwaka 1791, wafua fedha wamekuwa na karakana yao. Wamejulikana kwa kuyeyusha sarafu kuukuu, kuivuta fedha hata iwe nyuzi nyembamba, kisha kuzisokota na kuziunga kwa moto ziwe mikufu, vipuli na bangili. Moto ukizidi kidogo, kazi ya siku nzima huharibika.

Bangili hiyo binti huirithi kwa mama, na mama kwa bibi. Lakini ulizeni jina la aliyeifua. Aghalabu hakuna ajuaye. Tena tangu vita vilipoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, na kimbunga Kenneth kilipopiga Aprili 2019, jamaa nyingi zimehama na mzigo wa kichwani tu. Akimbiaye huokoa watoto. Nyundo na koleo hubaki nyuma. Fundi akitengana na mwanagenzi wake, ujuzi usioandikwa popote hukatika.

Basi, ninyi mlio kambini na vituoni, mkipata likizo, mpigeni picha mzee wenu akiwa kazini, awe mfua fedha, seremala, mshonaji au muunda mashua. Simu ya mkononi yatosha. Mketisheni karibu na dirisha, mwanga umpate ubavuni, na nyuma yake pawe na kivuli. Msimhimize abadili shati. Aishike nyundo yake kama aishikavyo kila siku. Picha ikisha kuchapwa, andikeni nyuma yake jina lake, kazi yake, mwaka, na jina la aliyemfundisha. Wajukuu watakaoirithi bangili wairithi na sura ya mkono ulioifua.